Dakika Tano za Bi Amne

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Baba Askofu na Sheikh wetu, ambao mmeketi viti vinavyogusana mkanifurahisha. Mganga Mfawidhi wa hospitali hii, Dokta Editha. Dokta Peniel na madaktari wenzako. Ndugu wauguzi, wafamasia, wapishi, walinzi na ninyi mnaofua mashuka ya damu ambayo sisi wengine hatupendi hata kuyatazama. Ndugu wageni waalikwa kutoka Singida Mjini, Mgori na Manyoni. Wazee wangu, shikamooni. Na wewe Bi Amne Salumu, ambaye itifaki imekuweka mwisho ilhali siku hii ya kustaafu ni yako: nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya imani yake.

Mshereheshaji amenikaribisha kama rafiki mkubwa wa hospitali hii. Namshukuru kwa ukarimu wake, lakini nusu ya ukumbi imecheka, na waliocheka ndio wanaonijua. Mimi ni Philipo Ntandu, mzaliwa wa Mgori, na kwa miaka ishirini na miwili nimeandika gazetini safu iitwayo Bila Ganzi. Katika safu hiyo nimewachapa wakurugenzi, wenyeviti wa vijiji, maprofesa, wachungaji wawili na timu ya mpira ninayoishangilia mwenyewe. Sijawahi kufuta neno. Wahariri wamenibembeleza, wanasheria wamenitisha, na mke wangu Eliza, aliyekaa pale mstari wa tatu, amenisihi zaidi ya mara moja; sikufuta. Niliona fahari kuwa mtu asiyefuta. Leo nimekuja kufuta, na nimekuja kwa moyo wa shukrani, ingawa uso wangu haujazoea shukrani na huenda hamtaiona.

Nimeambiwa kwamba kamati ya maandalizi ilikuwa imempanga mtu mwingine kabisa azungumze kwa niaba ya wagonjwa: mwalimu mstaafu, mpole, mwenye sauti nzuri ya kusomea risala. Bi Amne akakataa. Alisema, "Mwiteni Ntandu. Yule mwalimu atanisifia, na sifa nimeshazisikia. Ntandu ana neno lake hajalisema." Wakamwuliza, "Na akija kututukana?" Akawajibu, "Si mmeshazoea?"

Basi nisikilizeni, nianzie kwenye kosa.

Novemba ya mwaka juzi mzee mmoja wa Manyoni, aliyestaafu kazi ya reli, alipasuliwa ngiri hapa hospitalini. Utumbo wake ulikuwa umenasa na kukabwa. Alichomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo tumbo lilikuwa limelala lakini masikio yalikuwa macho. Alipopona alinifuata mgahawani Singida Mjini, akagonga meza mpaka chai yangu ikamwagika.

"Philipo, andika! Wale watu wamenifungua tumbo, halafu wakasimama."

"Wamesimama vipi, mzee wangu?"

"Wamesimama! Kimya. Daktari anatazama saa ya ukutani. Akitaka kuendelea, mama mmoja, wanamwita Amne, anamwambia 'bado'. Daktari anarudi nyuma kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. Anauliza tena, mama anasema tena 'bado'. Mimi nimekaa relini miaka thelathini na moja. Unadhani sijui treni iliyochelewa inavyokuwa?"

Nilicheka, nikaandika. Je, nilipiga simu hapa hospitali? Sikupiga. Nilimtafuta huyo mama nimsikie naye anasema nini? Sikumtafuta. Mimi ninayewafundisha vijana wa uandishi kwamba kila habari ina pande mbili, siku hiyo upande mmoja ulinitosha, kwa sababu ulikuwa mtamu. Kichwa cha makala kilisema: "Tumbo Wazi, Mikono Mfukoni." Nikaandika kwamba wapasuaji wa hospitali hii hupumzika juu ya matumbo ya watu, na kwamba chumba kizima huongozwa na muuguzi tu, aitwaye Amne. Muuguzi tu! Hilo neno dogo la mwisho nililiweka kwa makusudi, nikalisoma kwa sauti, nikaridhika nalo, kwa kuwa nilijua litauma.

Liliuma. Makala ilizunguka kwenye simu za watu kutoka Itigi mpaka Iramba. Watu walipiga simu redioni, wakaja na mabango hadi getini pale. Baada ya wiki mbili Bi Amne alipewa barua ya onyo, kosa lake likitajwa kuwa ni "kuingilia maamuzi ya daktari wakati wa upasuaji". Akaondolewa kwenye thieta aliyoitumikia miaka ishirini na saba, akapelekwa chumba cha kutakasia vifaa. Huko alikaa miezi minane, akichemsha mikasi ili wengine waishike.

Na walikuwa wanafanya nini pale mezani, yule daktari na yule mama, walipomsimamia mzee wangu wa reli? Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza angeniambia bure. Utumbo uliokabwa hukosa damu, nao hubadilika rangi. Ukishaachiwa, hufunikwa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, kisha watu husubiri kama dakika tano. Rangi ikirudi, utumbo unabaki. Isiporudi, unakatwa. Zile dakika tano mzee alizoziita kuchelewa ndizo zilizomwachia utumbo wake mzima. Alitoka hapa akitembea kwa miguu yake, akaja kuwashtaki waliomponya, na mimi nikamwandikia mashtaka kwa mwandiko mzuri.

Ndugu wageni waalikwa, Machi mwaka jana zamu yangu ikafika. Maumivu yalianza chini ya kifua yakapenya mpaka mgongoni, kana kwamba mtu amechomeka mpini wa jembe ndani na anauzungusha. Nilikuwa nikila chakula kinapita bila kunifaa. Nilipungua kilo kumi na tisa, suruali zangu Eliza akazipunguza mara mbili. Najua baadhi yenu hapo nyuma mnanong'ona: pombe. Sikatai yote, na daktari naye hakuona haya kuniuliza. Vipimo vilionyesha kwamba kongosho langu, kile kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, kinachotoa maji ya kusagia chakula na kuitunza sukari mwilini, lilikuwa limejaa vijiwe, na kichwa chake kimevimba na kuwa kigumu.

Nifanye nini mimi niliyeandika niliyoyaandika? Nilipanda basi kwenda Dar es Salaam. Niliapa kwamba hakuna kisu cha hapa kitakachonigusa. Huko mji mkuu wa biashara nilikaa kwenye benchi siku tatu, kisha profesa mmoja, mtu wa maneno machache, akazitazama picha zangu na kuniuliza, "Umetoka wapi?"

"Singida."

"Basi umempita daktari wako njiani. Kijana aliyesomea upasuaji wa kongosho miaka mitatu yuko kwenu huko, anaitwa Peniel. Mimi ningempeleka mdogo wangu kwake. Rudi."

Nikarudi! Eliza alinipokea kituoni, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Sasa mwandishi, utaingia pale kwa mlango upi?"

Niliingia kwa mlango wa wagonjwa wa nje, nikapanga foleni. Namshukuru Dokta Peniel kwamba hakunitania siku ile ya kwanza. Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Wewe ni mtu wa Mgori. Kwenu mmelima vitunguu?"

"Tangu enzi za babu."

"Chukua mashamba mawili yaliyopakana, na mfereji mmoja unapita mpakani, unanywesha kulia na kushoto. Shamba la kulia limeoza, nataka kuling'oa. Nikiling'oa kwa pupa nikabomoa mfereji, itakuwaje?"

"La kushoto litakauka."

"Na halikuwa na kosa. Basi la kulia ni kichwa cha kongosho lako. La kushoto ni utumbo wa mwanzo, ule unaopokea chakula kikitoka tumboni. Sisi tunauita duodeni. Umelikumbatia kongosho, na mishipa yao ya damu ni ya pamoja, mingine inapita mbele, mingine nyuma."

Akanieleza kwamba ipo njia ya kuviondoa vyote viwili na kuunganisha matumbo upya, na kwamba kwa mwenye saratani mara nyingi hakuna namna nyingine. Mimi sikuwa na saratani. Kwa hiyo alitaka kuuacha utumbo wangu mahali pake, achimbe kichwa cha kongosho kutoka ndani, na kwenye ukuta wa utumbo aache tabaka jembamba la nyama ya kongosho, kama unavyoacha ukingo wa mfereji jembe lisiuguse, ili mishipa iliyo nyuma yake iendelee kupitisha damu.

"Na mshipa ukikatika?" nikauliza.

"Itategemea ni upi. Mwingine una ndugu zake wa kusaidia. Mwingine hauna. Usipokuwa na msaada, utumbo unakufa. Siku ya tatu au ya nne unatoboka, na wewe unaufuata."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekutajia saa ya basi kuondoka. Kisha akafunga faili.

"Kuna sharti moja. Upasuaji wa namna hii siufanyi bila Bi Amne mezani. Unamfahamu?"

"Namfahamu kwa jina."

"Ndiyo. Ulilipatia, hukukosea hata herufi."

Dokta Editha, utanivumilia nikilisema hili mbele ya mgeni rasmi, maana umeniruhusu. Barua ile ya onyo ina sahihi yako. Lakini mkono wako ulikuwa umeshikwa na mimi, na nyuma yangu kulikuwa na watu wa mabango, na nyuma yao wakubwa waliotaka jina la mtu wa kulaumiwa kabla ya Ijumaa. Dokta Peniel alipokuja ofisini kwako na kusema, "Ama Amne arudi, ama mgonjwa huyu apelekwe kwingine, na huko kwingine wameshamrudisha," ungeweza kuogopa gazeti. Hukuogopa. Uliandika kibali cha siku moja. Nipo hapa kwa sababu ya kibali hicho, nami nakushukuru mbele za watu.

Mchana wa kabla ya upasuaji, Bi Amne alikuja wodini. Yeye humtembelea kila mgonjwa wake kabla, ndiyo kawaida yake. Anataka kumwona mtu akiwa na uso, kwa kuwa kesho yake ataona tumbo tu. Nilimwona mlangoni nikatamani kitanda kinimeze.

"Shikamoo, Bi Amne."

"Marahaba. Umekula chochote tangu asubuhi?"

"Wamenizuia."

"Vizuri. Una meno ya bandia?"

"Sina."

"Mdomoni humo hamna kitu chochote cha kutoa?"

"Hamna."

"Ajabu. Nilidhani tutatoa mengi."

Akanishika mkono, akatazama kucha zangu moja moja na rangi ya viganja, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaondoka. Eliza alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahadithiwe.

Yaliyofuata sikuyaona, nilikuwa nimelala kama gogo. Nimesimuliwa na Obadia, mtaalamu wa usingizi, ambaye yeye huketi upande wa kichwa cha mgonjwa na huona kila kitu. Halafu nikaenda kumwuliza Dokta Peniel, nikidhani atayapunguza. Hakupunguza. Alisema, "Kaseme yote. Nami nilikuwepo."

Ilikuwa saa ya nne ya kazi. Kichwa cha kongosho kilikuwa kimechimbwa, vijiwe vimetolewa, lile tabaka jembamba limebaki ukutani kama lilivyokusudiwa. Ghafla, nyuma kabisa, damu ikaanza kufoka. Dokta Peniel akaingiza kibano kidogo, kile laini kisichoponda mshipa, akabana. Damu ikasimama. Watu wote wakapumua. Akanyoosha kiganja apewe uzi afunge mshipa moja kwa moja.

"Uzi, Bi Amne."

Uzi ulikuwa mkononi mwake. Hakuutoa.

"Bado, dokta."

"Damu imesimama."

"Imesimama. Sijui imesimama ya nani."

Akaomba saa ianze kuhesabiwa. Akaufunika utumbo kwa kitambaa cha uvuguvugu, akaweka mikono yake pembeni. Kulikuwa na daktari mgeni aliyekuja kujifunza, na baada ya dakika mbili akachoka. "Jamani, tunamsubiri nani?"

"Utumbo," akasema Bi Amne.

Dakika ya tatu ikapita. Obadia anasema alitazama sakafu kwa aibu, maana alijua barua ya onyo ilisema nini, na alijua mtu aliyelala mezani ni nani. Dakika ya nne Bi Amne akainua kitambaa.

"Dokta, njoo usimame upande huu. Hapo ulipo taa inakudanganya."

Dokta Peniel akazunguka meza. Pale utumbo wangu unapopinda, ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya biringanya. Kibano kilikuwa kimeukaba mshipa mkubwa wa nyuma, ule ambao kwangu mimi haukuwa na ndugu wa kuusaidia. Angefunga uzi pale, angenifunga na mimi. Akakiachia kibano, akakandamiza kwa kidole, wakasubiri tena. Rangi ikapanda polepole. Ndipo alipotafuta na kuona kwamba aliyekuwa anavuja ni mshipa mdogo, tawi tu la ule mkubwa, umbali usiozidi upana wa punje ya mtama. Akaushona huo peke yake kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Wakahesabu dakika tano nyingine. Utumbo ukabaki mwekundu wa afya, hata ukajikunja wenyewe kidogo, kama mtu anayejinyoosha kitandani.

Dokta Peniel akauliza, "Bi Amne?"

"Endelea, dokta."

Ndugu zangu, nimelitafakari tukio hilo kwa mwaka mzima. Mama huyu alikuwa amenyang'anywa kazi yake kwa kosa la kusema neno moja, "bado". Amerudishwa kwa siku moja, kwa kibali. Kwenye meza amelala mtu yule yule aliyesababisha hayo. Kama angenyamaza, nani angemlaumu? Barua ilimwamuru anyamaze! Angeitii barua, angempa daktari uzi wake, angekunja mikono. Ningekufa siku ya nne utaratibu wote ukiwa umefuatwa, na karatasi zote zingekuwa safi, na anayetaka kujua utaratibu huo ulitoka wapi angeufuata nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye meza yangu ya kuandikia.

Hakunyamaza. Nami nikaamka nikaomba maji.

Siku ya sita nilijikaza, nikamwita. Nilikuwa nimeandaa maneno. "Bi Amne, naomba radhi kwa yale niliyo..."

Akanikatiza. "Ulinitukana wapi? Wodini hapa?"

"Hapana."

"Wapi?"

"Gazetini. Mbele za watu."

"Basi wodini utakunywa uji tu." Akanisogezea kikombe.

Nilipotoka hospitali nikamwambia nitaandika makala ya kumwomba radhi, ukurasa mzima. Akasema, "Gazeti lako andika ukipenda. Lile la kwanza watu wameshalifungia vitumbua. Mimi barua yangu wameisoma watu ninaofanya nao kazi, na iko kwenye faili langu. Siku ninayostaafu wote watakuwepo. Waambie hao."

Kwa hiyo msidhani nimekuja hapa kwa wema wangu. Nimeelekezwa siku, mahali na watu wa kusikia, kama nilivyoelekezwa kutokula kabla ya upasuaji.

Hapa sasa, Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba uniruhusu nirudie tabia yangu ya zamani kwa dakika chache. Nimeziona zawadi pale mezani: friji, jiko la gesi, godoro, vitenge vya kutosha ukoo mzima. Ni zawadi njema, na Bi Amne amezistahili tangu zamani. Lakini nchi hii tumezoea kumpa muuguzi godoro siku anayoondoka, na siku zote alizokuwepo tulimnyima kusikilizwa. Tunamsifu kwa upole wake. Upole gani? Nilichookolewa nacho mimi ni ukaidi. Niliokolewa na mwanamke aliyeshika uzi mkononi akakataa kumpa mtu mwenye digrii tatu, na niliokolewa na mtu mwenye digrii tatu ambaye alikubali kukataliwa. Hawa wawili wanahitajiana. Daktari asiyeambilika mbele ya muuguzi mwenye macho ni hatari, na muuguzi mwenye macho aliyefungwa mdomo anabaki kuwa shahidi wa msiba.

Wapo watakaosema, lazima kuwe na mkubwa mmoja chumbani. Nakubali. Dokta Peniel ndiye mkubwa, na mkono uliokata ni wake, na hatia ingekuwa yake. Lakini je, ukubwa wake ulipungua kwa zile dakika nne? Alizunguka meza, akasimama mahali alipoambiwa asimame, akaona. Mimi nimesoma vitabu vingi kuhusu watu wakubwa, na nawaambia, wengi wao hawakuwahi kuzunguka meza.

Swali langu kwa uongozi ni fupi. Jumatatu Bi Amne, ambaye tangu siku ile alibaki thieta, hatakuwepo. Atakayesema "bado" Jumatatu ni nani? Akisema, atapewa nini: dakika tano, au barua? Dokta Editha ameniambia kwamba mwongozo mpya wa chumba cha upasuaji umeandaliwa, na ndani yake mtu yeyote aliyemo, hata anayepiga deki, akiona rangi imebadilika ana haki ya kusimamisha kazi na kusikilizwa. Nimefurahi. Ila bado haujatiwa sahihi, nami ni mwandishi, nitakuja kuuliza.

Nilitaka jambo moja zaidi. Nilitaka ile barua ya onyo ichanwe. Nilimwambia Bi Amne kwamba nitaliomba leo hapa, kwa sauti, na kwamba sitashuka jukwaani mpaka nione vipande. Nilidhani atafurahi. Akanitazama kama anavyotazama kucha za wagonjwa.

"Usiwaambie waichane. Wakiichana, binti atakayekuja baada yangu hatajua kwamba kuna mtu aliwahi kuandikiwa onyo kwa kusema 'bado'. Atadhani ilikuwa rahisi. Iache. Wewe andika yako, iwekwe nyuma yake, azisome zote mbili."

Nikaandika kurasa tatu. Nilizipenda. Nikampelekea nyumbani, akavaa miwani, akaomba kalamu. Kalamu yangu mwenyewe! Akaanza kukata. Alikata aya ya kwanza yote. "Hapa unajisifu." Akakata ya tatu. "Hapa unalia, na kilio chako hakina kazi kwenye faili." Nilikuwa nimeandika kwamba aliyaokoa maisha yangu; akapiga mstari. "Hilo la Peniel, na la Obadia, na la aliyechemsha vifaa siku ile. Usinipe peke yangu." Nikamwambia, "Bi Amne, hata wahariri wangu hawajawahi kunifanyia hivi." Akasema, "Ndiyo maana tukafika hapa."

Zimebaki sentensi chache. Nitazisoma, na naomba wauguzi wa thieta wasimame, kwa kuwa ninawasomea wao kwanza.

"Mimi, Philipo Ntandu, niliandika gazetini kwamba wapasuaji wa hospitali hii huzembea mezani, na kwamba Amne Salumu huwaamrisha bila haki. Sikuuliza mtu. Walikuwa wanasubiri damu irudi kwenye utumbo wa mgonjwa, nayo ilirudi. Amne Salumu alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya sawasawa. Onyo alilopewa lilitokana na maneno yangu ya uongo. Naifuta makala hiyo yote."

Nimetia sahihi mbele yenu. Dokta Editha, karatasi ni hii, naomba uipokee kwa mkono wako na uiweke nyuma ya ile nyingine.

Nakushukuru. Nawashukuru ninyi mliosimama. Sasa mnaweza kuketi, na mkiona jambo Jumatatu, semeni. Dokta Peniel, nakushukuru kwa mkono wako, na zaidi kwa miguu yako iliyozunguka meza. Eliza, umesikia kwa masikio yako kwamba nimefuta. Na wewe Bi Amne, shikamoo. Kila chakula ninachokula kinapita pale uliposimama ukatazama, na sina siku ambayo sikukumbuki nikiwa mezani. Kapumzike, dada yangu, kwa heshima yako yote.

Nimemaliza. Ninyi nyote mliovumilia sauti yangu mpaka hapa, asanteni sana kwa masikio yenu.